Baba Dhidi ya Koni

Kaka yangu ndiye aliyeitisha kikao. Ni mtu wa ofisi, na watu wa ofisi wakikosa la kufanya Jumapili huitisha vikao. Tulikaa sebuleni kwa Baba huko Masaka, nje kidogo ya Kigali, sisi watatu tu, na ajenda ilikuwa moja: Baba aache kuendesha gari.

Sababu zilikuwepo, siwezi kusema uongo. Baba alikuwa amekwaruza nguzo ya geti, akailaumu nguzo. Alikuwa amelipanda toroli la jirani kwa gari, akamlaumu jirani. Halafu wiki ile ya kikao alisimama njiani akalipigia honi tangi la maji, lile jeusi la plastiki, lililowekwa mbele ya nyumba inayojengwa. Lilipokataa kutoka akashusha kioo, akaliambia lina adabu mbaya. Mafundi wakacheka mpaka wakaacha kazi. Baba alipoulizwa alisema alikuwa anatania.

Huyu ni mtu aliyeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Kigali mpaka nywele zikamwishia. Babu yake alikuja Nyamirambo kutoka pwani na marobota ya nguo, na Baba huzungumzia safari ile kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva. Uzeeni alinunua kiwanja Masaka, akafuga kuku asiowapenda na wao hawampendi. Kila asubuhi alitoroka. Aliwasha gari lake dogo, akaja mpaka dukani kwangu Remera, ninakoshonea nguo karibu na uwanja wa mpira, akanywa chai yangu na kuwaambia wateja wangu kwamba wamenenepa. Walimzoea. Wapo walioleta hata nguo zisizohitaji kushonwa ili tu watukanwe na yeye.

Njia ile alikuwa ameihifadhi yote, kila tuta, kila kona, kila kamera ya mwendo. Nikiwa naye garini alikuwa akitangaza, "Kamera," kabla hata mimi sijaiona, kisha anapunguza mwendo kwa madaha kama anayempisha mgeni wa heshima. Faini hajawahi kupata, na alihakikisha kila mtu anajua.

Kwa hiyo kumnyang'anya funguo kulikuwa ni kumfungia na kuku. Pikipiki za abiria alizikataa siku nyingi. "Mimi nilivuta tela," alisema, "leo nikumbatie mgongo wa kijana? Oya, hapana." Basi nalo alisema lina watu wengi wenye maswali.

Pale kikaoni, kaka yangu alipomaliza hotuba yake yenye vipengele, Baba alitoa simu akatuonyesha video. Vijana walikuwa wanapanga koni za barabarani kwenye uwanja wa lami wa maghala fulani mbele ya Kabuga, kisha gari moja moja linapita katikati yake, peke yake, likishindana na saa. Magari yenyewe ni ya kawaida, ya kuendea kazini.

"Naingia hapa," Baba alisema. "Kama naangusha koni hata moja, muchukue funguo. Kama siangushi, musinisumbue tena, mpaka munizike."

Kaka yangu alicheka, akakubali haraka sana. Mimi nikapewa kazi ya kuliandaa gari, kwa sababu nilikuwa upande wa Baba, na kwa sababu kaka yangu hajui kufungua hata boneti.

Wale vijana walinitumia maelekezo. Jambo la kwanza ni kutoa kila kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari. Ni rahisi kulisema ukiwa na gari lisilo la Baba. Nilitoa mifuko miwili ya chakula cha kuku, mkeka wa kuswalia, chupa ya chai, birika la kutawadhia, miavuli ambayo kila mmoja ulikuwa umevunjika kwa namna yake, viatu vya mtu nisiyemjua, na kuku. Kuku alikuwa mzima. Baba alisema huyo anapenda matembezi. Nikatoa tairi la akiba na jeki ili gari liwe jepesi, nikatoa na makapeti ya miguuni yasije yakakwama chini ya pedali.

Kisha nikalipeleka kwa fundi wangu wa Remera. Alibadilisha brekipedi na mafuta ya breki, yaliyokuwa meusi kama kahawa, akakaza nati za magurudumu, akafunga betri isitikisike. "Mzee anakimbizwa na nani?" aliuliza. Nikamwambia anakimbizwa na mwanawe.

Matairi ndiyo yaliyonifurahisha. Maelekezo yalisema yajazwe upepo kidogo zaidi ya kawaida, kwa sababu tairi la mjini likiingia kona kwa nguvu hulala ubavuni. Ili kujua limelala kiasi gani, unachora alama za chaki pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, unaendesha, kisha unaangalia chaki imefutika mpaka wapi. Chaki ndiyo kazi yangu. Nilichora kwa chaki ya bluu ya kushonea, mistari iliyonyooka vizuri, na Baba akazunguka kona za uwanja mtupu karibu na kwake huku nikikimbia nyuma kukagua matairi kama suruali ya bwana harusi. Tukaongeza upepo, tukachora tena, mpaka chaki ikabaki inapotakiwa. Sijawahi kucheka na baba yangu kama siku ile.

Tatizo likabaki mto. Baba ni mfupi, na hukalia mto wa sifongo ambao Mama, Mungu amrehemu, alimshonea zamani. Maelekezo yalisema kitu chochote kisichofungwa hakikubaliki. Baba alisema bila mto haendi, maana ataonekana kama gari linajiendesha. Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa ngozi nikaushonelea kwenye kiti, mishono miwili kuzunguka. Siku ya mashindano mkaguzi aliutikisa, akautikisa tena, akaniangalia. Nikamwambia, "Haujalegea." Akaandika tiki.

Siku yenyewe kulikuwa na jua na vijana wenye miwani ya jua. Baba alivaa kanzu. Kofia ngumu tuliazima kwa mwendesha pikipiki mmoja wa pale Remera, na ilikuwa inanuka abiria wote wa Kigali. Kaka yangu alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa mahali pazuri pa kuona koni zikianguka.

Kabla ya mbio, madereva wanaruhusiwa kutembea kwa miguu kwenye njia ya koni ili waijue. Vijana walitembea mara moja wakipiga picha, wakarudi kunywa soda. Baba alitembea mikono ikiwa mgongoni. Alipofika kwenye kila koni alisimama, akaigusa kwa ncha ya kiatu. Alipomaliza akarudi mwanzo. Kisha akarudi tena. Nilidhani anajionyesha, maana ana tabia hiyo, nikamfuata nimwambie inatosha. Nikamsikia ananong'ona. "Kushoto, mafuta kidogo. Funga. Kulia, subiri, subiri, sasa. Kulia tena." Alikuwa kama mtoto wa madrasa anayeogopa fimbo.

"Baba, utachoka."

"Sha, niache nisome," alisema bila kunitazama.

Kwa wanaoanza waliruhusu abiria mmoja, kwa hiyo niliingia naye. Tukasimama kwenye mstari. Mbele yetu, karibu kiasi cha kumrushia chungwa, alisimama kijana mwenye bendera ya kijani kubwa kama shuka.

"Ameinyanyua?" Baba aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilimtazama. Alikuwa ametazama mbele, moja kwa moja kwenye bendera.

Nikaelewa kila kitu kwa mkupuo mmoja, nguzo na toroli na tangi la maji, na ule usomaji wa koni kwa kiatu. Nilipaswa kufungua mlango nishuke naye. Lakini ndani ya kofia ile chafu uso wake ulikuwa na matumaini makubwa, na koni ni plastiki tu, na mimi nilikuwa upande wake.

"Ameinyanyua," nilisema. "Ameishusha. Nenda."

Akaenda. Sijui nikueleze vipi. Mzee ambaye haoni bendera aliendesha gari kama amelishona mwenyewe. Kushoto, mafuta kidogo. Akafunga breki mapema kabla ya kona, akauzungusha usukani taratibu bila kuunyang'anya, akasubiri, akasubiri, akakanyaga. Matairi yalilia lakini hayakuteleza. Koni zilipita karibu na dirisha langu mpaka nikavuta kiwiko ndani. Midomo yake ilikuwa inacheza muda wote. Niliogopa, na nilijivuna, na nadhani nilipiga kelele, ingawa yeye anasema nilikuwa naimba. Tukasimama ndani ya kisanduku cha mwisho sawasawa, na hakuna koni iliyokuwa imelala chini.

Watu walipiga makofi. Baba akatoa mkono dirishani akawapungia kama waziri. Akaweka gia ya kwanza tuondoke kwenda maegeshoni, mwendo wa pole tu, na pale mbele mmoja wa waandaaji alikuwa anakatiza akiwa amekumbatia rundo la koni za kuongezea. Alikuwa katikati kabisa ya njia yetu. Nilingoja Baba apunguze. Hakupunguza. Yule mtu naye alitazama upande wa pili.

Nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Gari likagota. Yule mwandaaji aligeuka, akaona kofia na kanzu, akadhani ni madoido ya mshindi. Akainua dole gumba, akaendelea na koni zake. Hakuna aliyeona kitu kingine chochote.

Baba aliacha mikono kwenye usukani. "Kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa na mtu."

"Mtoto?"

"Mtu mzima."

"Sikumuona," alisema. Kisha, baada ya kuivua kofia na kuiweka magotini, "Koni zilisimama. Nilizijua. Huyu hakuwa kwenye njia wakati natembea."

Nikaichukua kofia kutoka magotini pake. Nikaona kaka yangu anakuja, kiti chake kimekunjwa kwapani, na uso wa mtu aliyeshindwa mbele ya mashahidi. Nimsifu kwa hilo, hakuzungusha maneno. Aliinama dirishani akasema, "Mzee, umeshinda. Funguo ni zako. Sitasema tena."

"Buretse, ngoja," Baba alimwambia, "niletee kwanza Fanta. Ya baridi."

Kaka alipokwenda, Baba alizima gari, akachomoa funguo, akaziweka kwenye paja langu. Hakunitazama.

"Utaendesha wewe. Kila asubuhi unanichukua, jioni unanirudisha. Lakini mwambie kaka yako nilishinda."

"Ulishinda, Baba."

"Mwambie nimechoka tu na barabara. Na wewe huo mkono wako uko na nguvu kama wa fundi gari, ndio maana unakosa wachumba."

Tulibadilishana viti. Mto ulikuwa umeshonewa kwenye kiti cha dereva, haukutoka, kwa hiyo nikaendesha kichwa kikigusa dari, na yeye akazama kwenye kiti cha abiria mpaka kanzu ikamfika kidevuni. Kutoka Kabuga alinirekebisha kila kitu: gia, vioo, namna ninavyopumua. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu tupu kila nilipochelewa kufunga breki.

Kwenye mteremko kabla ya njia ya kuingia Masaka aliinua kidole.

"Kamera," alisema.

Kamera ile walikuwa wameihamisha mwezi uliopita. Pale ilipokuwa palikuwa pamebaki kipande cha zege na majani. Nilikanyaga breki taratibu, kama alivyonifundisha. Magari ya nyuma yakanipigia honi yote, nami nikapita pale kwa mwendo wa heshima mpaka aliposema basi.