Uzuri ya meno ya Baba Kasongo

Ni miye, musitafute mwingine. Ku Élisabethville nilikuwa mufanyakazi mupya kwa munganga wa meno, Muzungu mwenye kuchanganya Kifaransa na Kiswahili. Akaniambia: «Meno ya huyu Baba Kasongo, ifanyie mufano mu plâtre, ile unga nyeupe ya kukauka. Nataka kupima usure.»

Miye nikasikia: uzuri.

Mufano ikatoka na meno mafupi, bapa kabisa. Nikachanganyikiwa: uzuri iko wapi humu? Nikaongeza plâtre, nikachonga, ikakuwa meno ya kijana.

Munganga akapima ile mufano mara tatu. «Kasongo, meno yako inaota?»

«Hapana, Bwana. Inaisha tu.»

Baba Kasongo akafungua kinywa. Munganga akaangalia mule, kisha akanigeukia.

«Nilisema usure! Meno kuisha!»

Na miye, kisu mukononi, ningali nachonga meno ya chini, ili nayo ipate uzuri.