Mti wa Nne wa Shiraa

Watu wa visiwa vya Karibiani hapa Toronto hawana choyo na kanivali yao. Kiangazi hiki kundi lao moja lilitualika sisi watu wa Pwani tuandamane nyuma ya lori lao la muziki, na ngoma yetu wenyewe. Chama chetu kilikubali kwa shangwe, kisha kikaanza kazi kinayoijua vizuri kuliko zote, ya kuamua nani si wa Pwani kamili. Wahindi wa Mombasa wana chama chao, watu wa bara wana chao, sisi tuna chetu, na ndani ya chetu mna viwili visivyo na jina.

Mimi ndimi katibu. Nilichaguliwa kwa sababu nina shahada mbili na gari lenye viti saba, na mpaka leo kilichokisaidia chama ni gari.

Mwenyekiti ni bibi mmoja wa mtaa wa Malvern ambaye babu yake alitoka Arabuni. Habari hiyo huipata hata anayemuuliza saa ngapi. Alituita kwenye ukumbi ulio chini ya jengo anamoishi, akatangaza, "Tutatoka na shiraa."

Zamani, mwanamke wa kiungwana alipokwenda harusini alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoinuliwa kwa miti minne. Ndani walikuwa waungwana wakipiga vugo, yaani pembe za ng'ombe kwa vijiti. Miti ilishikwa na watumwa wao. Mwenyekiti alitueleza yote hayo, akairuka sentensi ya mwisho.

Mama yangu hakuhitaji kuelezwa. Bibi yake alizaliwa mtumwa katika nyumba ya watu, na kule Mombasa hakuna aliyesahau ni nyumba gani. Alipokuwa msichana, mama aliokota pembe harusini akaipiga. Ilipokonywa mkononi mwake mbele ya umati, akaambiwa vyombo viko jikoni. Sasa ana zaidi ya miaka sabini, amestaafu kazi ya kuwaogesha wazee wa watu wengine, anaishi peke yake St. James Town, na alitaka jambo moja tu: kutembea ndani ya shiraa, pembe mkononi, watu wakimwona. Alifanya mazoezi nyumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mama alidhani anaitikiwa.

Miti mitatu ilipata washikaji upesi: wakamwana watatu kutoka bara, walioolewa na vijana wetu. Ukabaki wa nne.

"Wewe bibi," mwenyekiti alimwambia mama, sauti imejaa asali, "una mabega mashallah. Utatushikia mti."

"Nimekuja na pembe yangu."

"Ndiyo vizuri. Utatuazima."

Wanawake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mti ataubeba bila kufunzwa huyo. Umo damuni."

Nilisimama nikatoa hotuba. Nilitaja utu, nikataja sheria za nchi hii, nadhani nilitaja pia karne tuliyomo. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu iliyoniuma.

"Umesema vizuri, mwanangu. Hapa hakuna aliyetaja utumwa. Lakini mti lazima ushikwe. Mama yako akipata mtu wa kuushika, na aingie ndani, karibu sana."

Alidhani amefunga mlango. Hakumjua mama.

Garini nilimwambia mama tuwaachie ngoma yao.

"Waachie wewe," akasema. "Wewe una shahada zako."

Juma lililofuata alikuja na jirani yake, mama mmoja Mkongomani aliyefika nchini mwaka jana na watoto wake. Mama ndiye aliyemwonyesha pa kununua unga wa muhogo na jinsi ya kutumia mashine za kufulia za jengo lao. Mgeni alivaa kitenge chake kizuri na nywele zimesukwa upya.

"Mutanifundisha kupiga ile pembe, ee?" aliuliza.

Macho yote yakamgeukia mama.

"Pembe ina wenyewe, mwanangu," mama akasema. "Wewe una mabega. Utashika mti."

Wanawake wakacheka, na mama alicheka kuliko wote. Mwenyekiti akamvutia mama kiti kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu chama kiundwe.

Nilimvuta mama pembeni. "Ulimwambia anakuja kufanya nini?"

"Nilimwambia ni heshima."

"Na ni heshima?"

"Kwake, ndiyo. Yeye hajui."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mbele yetu manyoya ya kila rangi yalirukaruka, spika za lori zikatutikisa mbavu, na nyuma shiraa ikaenda polepole kama kitanda kilichopotea njia. Mama alikuwa ndani. Alipiga pembe nje ya mdundo wa wenzake, na kwa nguvu, na sijawahi kumwona mzuri vile. Mkongomani aliunyoosha mti wake wima kuliko wenzake, jasho likimtiririka, watoto wake wakimpungia mkono kutoka kando ya barabara.

Mzee mmoja wa kundi lililotualika alikuwa ameshika kamba inayowatenga waliolipia mavazi na watazamaji. Aliniuliza kwa nini wa ndani hawapokezani ile miti na wa nje. Nikamjibu kwamba ni utamaduni. Akatikisa kichwa kwa kuelewa, akaivuta kamba yake, na kumrudisha nyuma msichana aliyejaribu kuipita.

Mwisho wa njia tuliketi kwenye majani. Mkongomani alikuja akicheka, viganja vimemchubuka.

"Maman, watu walitupiga picha mingi! Mwaka kesho nilete dada zangu?"

Mama alikuwa akiifuta pembe kwa ncha ya leso.

"Wako wangapi?"

"Watatu."

Mama akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama miti iliyolazwa chini, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Walete," mama akasema. "Watatosha."

Wale wakamwana watatu walikuwa wamekaa karibu, wakinywa maji. Niliwaona wakiinua vichwa wote kwa pamoja, na kumtabasamia yule Mkongomani.