Barua ya Kanisa Iliyokuja kwa Simu

Mwanangu, wewe unayetaka kupangisha nyumba yako mtandaoni, keti kwanza. Kuna siku moja siwezi kuisahau, na usinikatize.

Ilikuwa miaka ile simu za kugusa zilipoanza kuonekana kwenye maduka ya Base Camp. Nilikuwa mjane, mkimbizi wa kutoka Kivu Kusini, nauza vitenge na sabuni pale kambini Nakivale. Sikuwa kijana wa umri, lakini kwa mambo ya simu nilikuwa mtoto mchanga, tena mwenye kiburi. Jasho langu la miaka yote lilikuwa limezaa kitu kimoja tu: nyumba ya vyumba vitatu kule Mbarara. Vyumba viwili vilikuwa na wapangaji, cha tatu kilikuwa kitupu. Nikasema, nimlipe dalali wa nini na mtandao upo? Nikapiga picha mlango, dirisha na bomba la uani. Nikajipiga na mimi nimesimama mlangoni, mkono kiunoni, utadhani mke wa waziri. Zote nikaziweka mtandaoni.

Kesho yake mtu akaniandikia. "Bwana asifiwe, mama. Niko mutumishi wa Mungu, niko Kampala, kanisa inanituma Mbarara. Ile nyumba yako nimeipenda mingi."

Sasa elewa desturi yetu. Kwetu Mprotestanti akihama habebi godoro peke yake, anabeba na barua ya kanisa. Jumapili anasimama mbele ya waumini, barua inasomwa, na kabla jua halijazama ameshapewa fasi ya kulala. Wengi wetu barua hiyo ndiyo iliyotupokea ugenini. Basi yule mutumishi akanitumia picha ya barua yake, ina muhuri mwekundu, kashe kama tunavyosema sisi, na mstari wa Zaburi juu. Mimi nikayeyuka. Akaomba na ya kwangu, "bazee ba kanisa bajue naenda kwa mwamini." Nikaenda kwa mchungaji, nikaandikiwa, nikaipiga picha. Akaomba kitambulisho, ati cha kuandikia mkataba. Nikatuma. Hakuuliza maji yanatoka siku gani. Hakuuliza choo kiko wapi. Mpangaji gani asiyeuliza choo? Lakini nani alikuwa anafikiri! Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilijivika mwenyewe.

Akasema anahamia Jumamosi. Siku hiyo nikapanda gari mapema, nikapita Kaberebere naimba pambio, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge.

Nilipofika, wapangaji wangu walikuwa kazini, na mlangoni pa kile chumba kitupu nikakuta watu. Godoro limeegeshwa ukutani, masufuria chini, watoto watatu wameketi juu ya gunia. Mwanamke mmoja akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Batu, ni yeye! Foto yake ni hii!"

Jina lake Nyota, mjane kama mimi. Alikuwa ametoka Oruchinga na baba yake, Mzee Elisha, shemasi wa kanisa. Watoto walikuwa wamepata shule Mbarara, basi akauza mbuzi wake wote na kulipa kodi ya miezi sita kwa mtu wa mtandaoni aliyesema ni mume wa mwenye nyumba, na aliyewatumia picha yangu, kitambulisho changu na ile barua yangu ya kanisa. Nikamwambia simjui, sijawahi kumwona, na sijapokea kitu. Yesu wangu! Ni kama nilimwaga mafuta ya taa kwenye moto. Waendesha boda wakaanza kusogea. Neno "mwizi" likatoka nyuma mara moja, kisha likatoka kila upande. Unajua neno hilo linaweza kumfanya nini mtu barabarani. Nikamwona kijana mmoja ameokota tofali.

Hapo akafika mwenyekiti wa mtaa, Mnyankole mwembamba asiye na haraka. "Nyinyi ngoja kwanza," akasema. "Nyabo, mama, wewe nasema nyumba ni yako. Fungua tuone."

Nikafurahi! Nikadhani ufunguo utaniokoa. Nikalifungua fundo la kitenge kwa vidole visivyonitii, nikaingiza ufunguo, kufuli ikafunguka. Na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Kama nyumba ni yangu, sura ni yangu, kitambulisho ni changu, na barua yenye jina langu ni ya kweli, basi mwizi ni nani mwingine? Hata mimi ningejihukumu. Nilikaribia kujikojolea, sikufichi.

Yule mwenye tofali akapita mbele. Mwenyekiti akamzuia kwa mkono mmoja, akamwambia Nyota aipige ile namba aliyokuwa anazungumza nayo, aweke sauti juu. Kila mtu akaitazama simu yangu. Haikulia. Ile namba iliita huko mbali, ikapokelewa na mwanaume.

"Bwana asifiwe."

"Mimi nataka mwenye nyumba," akasema mwenyekiti. "Ule mama ya picha. Iko wapi?"

"Mimi niko bwana yake. Mama iko hapa pembeni yangu, iko napika. Anasema mungojee kidogo, ataleta ufunguo."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama katikati yao, sina sufuria wala mwiko.

"Napika nini?" akauliza mwenyekiti.

Simu ikakatwa, na haikupokelewa tena. Yule kijana akaliweka tofali chini taratibu, akaondoka bila kuniangalia.

Nililia kwa hasira. Nikasema, "Na mimi nimeibiwa!" Mzee Elisha akanijibu pale pale, bila kupandisha sauti.

"Mama, nyumba yako uliifunga na kufuli. Jina yako uliiacha inje, kila mutu apite nayo. Barua ya kanisa inabebwa na mukono ya mutu, na ule mutu anasimama, tunamuona macho. Weye ulisoma barua, mutu haukumuona." Kisha akawageukia wajukuu wake pale juu ya gunia. "Na miye, shemasi muzima, niliona kashe ya barua yako nikaambia mutoto wangu: uza mbuzi."

Mwenyekiti alisema sidaiwi kitu, na alisema kweli. Lakini wale watoto walikuwa bado juu ya gunia. Nikamwekea Nyota ufunguo mkononi, nikamwambia, "Ingia. Ile miezi sita uliyolipa, ikae bila kunilipa tena." Usinisifu, sikuwa malaika. Ni jina langu lililomaliza mbuzi wa yule mjane, na jina hilo bado ninalivaa.

Basi sikia, mwanangu, majuto ni mjukuu. Anayekimbilia karatasi zako kabla ya kuuliza maji na choo hatafuti chumba, anakutafuta wewe. Kitambulisho chako usimtumie mtu ambaye hamjaketi pamoja. Picha za nyumba ziandike jina lako na namba yako katikati, si pembeni, maana pembeni hukatwa. Na andika wazi kwamba hakuna kulipa kabla mtu hajaingia ndani na kuonana na wewe na mwenyekiti. Barua ikija kwa simu, mpigie mchungaji kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Tena uwe unaitafuta nyumba yako huko mtandaoni kama mgeni. Ukiikuta mahali hukuiweka, nenda polisi siku hiyo hiyo, tangaza na kanisani, kama nilivyofanya mimi nikiwa nimechelewa. Mpangaji akikuharakisha, mwache aende. Chema chajiuza, na chumba kizuri hakikosi mtu.

Mungu akupe wapangaji unaowajua kwa sura. Akulindie jina lako kuliko mabati yako. Na siku utakapoufungua mlango wako mbele ya watu, ufunguo usitetemeke mkononi mwako. Amina.