Maji ya Chumvi Kibomet

Mashine ya povu iliungua Jumapili mchana, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kupotea tangu asubuhi. Balbu ya sebuleni ilipasuka, redio ikanyamaza, na nyuma ya tangi la kioo tukasikia mlio kama wa mafuta yakikaanga, kisha harufu ya plastiki. Mume wangu aliacha ugali wake akaenda kuichomoa. Aliigeuzageuza mikononi muda mrefu.

"Hii ndiyo ilikuwa figo ya tangi," akasema.

Alikuwa amefanya kazi pwani miaka mingi, katika kampuni ndogo iliyokuza matumbawe na samaki wa mapambo kwa wateja wa ng'ambo, mimi nikibaki Kitale na cherehani yangu. Kampuni ilipofungwa, watu walitarajia arudi na kabati na godoro. Alirudi na tangi hilo, na mawe yenye vijidudu hai, na vipande vya matumbawe alivyovikuza mwenyewe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Majirani wa mtaa wetu wa Kibomet walijaa sebuleni.

"Ati hawa hawaliwi?" waliuliza. "Sasa ni wa nini?"

Walikuwa wa kazi. Tajiri mmoja mwenye hoteli mjini Bungoma, karibu na msikiti, alikuwa amemwambia: "Nikiona lako limekaa vizuri mwaka mzima huku bara, nitajenga kubwa ukumbini kwangu, na wewe ndiye utalitunza." Mume wangu alilishika neno hilo kama mtu aliyeshika hati ya shamba.

Kazi ya ile mashine haikuwa ngumu kuielewa. Ilipiga mapovu madogo ndani ya maji, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yakanata kwenye povu, povu likapanda kikombeni, nasi tukalimwaga. Bila hiyo, uchafu huohuo huozea majini ukageuka virutubisho, nitrati na fosfati, na hapo mwani mbaya hupata mbolea. Matumbawe yamezoea bahari isiyo na vitu hivyo ila kidogo sana. Nyingine kama hiyo haikupatikana Kitale wala Eldoret. Nairobi walituambia ni ya kuagizwa ng'ambo.

"Tutafanya kwa mikono," akasema mume wangu.

Tukafanya. Akapunguza chakula cha samaki. Kila wiki alinyonya maji machafu kwa mpira, akajaza mengine ya kisimani aliyoyakoroga na chumvi maalumu iliyoletwa na basi kutoka Mombasa. Kando aliweka ndoo yenye mwani mzuri chini ya taa, pampu ikizungusha maji ya tangi humo, ili huo ufyonze virutubisho kabla ya ule mbaya kuvifikia. Alasiri niliacha cherehani nikasugua mawe kwa mswaki. Maji machafu tuliyamwaga nyuma ya nyumba, hadi sukuma wiki yangu ikakauka na ua wa jirani ukaanza kuwa manjano. Jirani mwenyewe akaja.

"Mama, hiyo maji mnamwaga ni ya nini? Si mnaniulia fensi, bana?"

Nilimwomba msamaha, tukahamishia mtaroni. Mwani ulizidi. Ulikuja kwanza kama vumbi la kahawia, halafu nyuzi za kijani ndefu kama nywele, zikafunika matumbawe hata yakashindwa kufunguka. Kila Jumamosi mume wangu alitia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi na kungoja rangi; wekundu ulimaanisha nitrati imezidi. Kadiri alivyobadilisha maji, ndivyo rangi ilivyozidi kuwa nyekundu. Alianza kuamini kwamba mikono yake ndiyo yenye kasoro.

Kisha siku moja akapima maji ya kisima yenyewe, yakiwa bado kwenye ndoo, kabla ya chumvi. Yakawa mekundu vilevile. Ulikuwa msimu wa kupanda. Mashamba ya mahindi yaliyo juu yetu yalikuwa yametiwa mbolea, mvua imenyesha, na kisima chetu hakikuwa kirefu. Alikaa kwenye ukingo wake, kichupa mkononi.

"Kumbe nilikuwa nayapalilia magugu," akasema.

Yalibaki maji ya mvua. Paa letu lilikuwa bati la kutu na masizi, lakini mama yangu, kijijini Kabuchai, alikuwa na mabati mapya na tangi la saruji la maji ya mvua. Tukapata pikapu iliyorudi tupu kutoka kupeleka mahindi, tukapakia mitungi. Kwa mila yetu mkwe hamkaribii mama mkwe, kwa hiyo mume wangu alisimama langoni akiangalia miti ya misaiprasi, na mama akazungumza naye kupitia kwangu ingawa walisikiana vizuri.

"Mwambie mtu wako maji ni ya bule," mama alisema. "Lakini hayo mawe yake yanakunywa kama ng'ombe."

"Mwambie mama nashukuru sana," akajibu mume wangu akiiambia miti.

Maji ya Kabuchai yalitusaidia. Rangi kichupani ikafifia ikawa waridi, na baada ya safari nyingine kadhaa haikuonekana kabisa. Nyuzi za kijani zikanyauka. Matumbawe yakafungua vidole vyake, na mume wangu akacheka peke yake sebuleni, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi. Nilidhani tumevuka. Kwa hofu ya kurudi nyuma, akazidi kubana chakula, akaongeza mwani kwenye ndoo, akaleta maji ya mvua zaidi. Maji yakawa maangavu kama hewa.

Ndipo matumbawe yakaanza kupauka, kwanza kwenye ncha, halafu chini. Tulipima, hatukupata kosa lolote. Ilituchukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa: tulisafisha hadi hapakubaki cha kula.

"Wana njaa," akasema. "Nimewafungisha."

Akaongeza chakula. Utando wa kahawia, wenye utelezi na mapovu, ukatanda juu ya kila kitu. Akapunguza. Matumbawe yakazidi kupauka. Virutubisho vikizidi viliua, vikiisha viliua, na ile mashine ilikuwa imetusaidia kukaa katikati bila sisi kujua kwamba kuna katikati. Nilianza kuogopa Jumamosi. Nilikuwa nikimsikia akitikisa kichupa, kisha akikirudisha rafuni polepole, nami nilijua bado hatujaifikia ile katikati.

Mwenye hoteli alikuja mwaka ulipoisha. Alikunywa chai yangu, akainama mbele ya kioo.

"Bwana, nilidhani ni kama maua. Mbona ni meupe hivi, kama mifupa?"

"Yanapona, mzee. Nipe miezi michache."

"Haya. Nitakuambia," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

Hakutuambia. Nilijua mwenyewe nilipokwenda Bungoma kununua bitana. Nilipita hotelini kwake nikaona ukumbini tangi jipya lenye majani ya plastiki na samaki wekundu wanene. Nilimweleza mume wangu jikoni, nikiwa bado nimebeba kitambaa.

"Ni la maji matamu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hao hawahitaji mtu."

Aliendelea kulitunza letu. Halafu transfoma ya mtaa ikaungua, stima ikapotea siku kadhaa, na pampu ya kuzungusha maji ikasimama. Tulichota maji kwa jagi na kuyamimina tena ndani ili yapate hewa, zamu yake, zamu yangu, hadi mabega yakafa ganzi. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele, yakanuka. Samaki mmoja alilala ubavu karibu na jiwe, na mwenzake akawa anamzunguka. Mume wangu akasema niache. Niliendelea kumimina. Akanishika mkono pamoja na jagi.

"Mama, wacha. Tumechoka."

Nililia. Yeye hakulia. Alitoa kila kitu kwa ndoo, akazika nyuma ya nyumba, na tangi likachukuliwa na mtu aliyefuga vifaranga.

Alipata kibarua cha kupakia magunia kwenye ghala la mahindi. Alirudi jioni na vumbi kwenye nyusi, akaoga, akala, akalala. Hakulalamika hata mara moja, na ningetamani alalamike. Jioni moja nilijaribu.

"Nimesikia huko pwani kuna kampuni inatafuta watu."

"Watu wa nini?"

"Wa samaki."

"Mimi ni wa magunia," akasema.

Akavuta sahani karibu. Nilimwongezea mboga.