Mkono Uliolala na Sahani ya Mlangoni

Mume wangu, kiharusi kilimlaza mkono wa kushoto lakini mdomo hakikuuweza. Aliendelea kubishana na redio kama zamani, tukamshukuru Mungu. Miezi ikapita. Ijumaa moja baada ya swala, tumezunguka sinia hapa nyumbani Katwe, mtaa wa mafundi vyuma, nikaona ule mkono uliokufa unaruka. Mimi na ujinga wangu nikapiga kigelegele, nikidhani umefufuka. Kabla sijakimaliza, mwenyewe alikuwa chini, macho juu, povu mdomoni, mwili mzima unatetemeka.

Dada yake, wifi yangu tunayeishi naye, alitaja neno moja tu: kifafa. Na huku kwetu wengi wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Tangu siku hiyo akawa anampakulia kwenye sahani yake peke yake, kwenye mkeka wake, karibu na mlango. Mtu aliyetugawia nyama miaka yote! Hakugombana. Aliacha kula tu. Kanzu ikaanza kumning'inia, nami nikaona njaa itamuua kabla ya ugonjwa.

Sasa niwaambie kuhusu mjukuu wangu. Mimi shule niliishia la tatu, lakini yule binti ni nesi, na akipita na sare yake mtaa mzima unajua ni wa nani, kwa sababu nawaambia. Alimpeleka babu yake kwa daktari, wakarudi na vidonge vya asubuhi na jioni. Akatukalisha chini, akasema kiharusi kimeacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo linalomwangusha. Akianguka tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, tuangalie saa. Zikipita dakika tano, hospitali.

Wifi akauliza, "Na mate je?"

"Bibi, kovu haliambukizi. Lingeambukiza, kila mchomelea vyuma wa Katwe mwenye kovu la moto angekuwa ameshatuachia lake."

Lakini Ijumaa iliyofuata sahani ilikuwa palepale mlangoni. Nikaichukua, nikaimwaga yote katikati ya sinia. Mjukuu akamshika babu yake kwapani, akamketisha kati yangu na wifi. Mzee akachambua nyama kwa mkono mmoja, akagawa, na fungu la kwanza akalisukuma mbele ya dada yake.

Tukangoja. Wifi aliitazama ile nyama, kisha akaitia mdomoni.

"Ngumu," akasema.

"Meno yako ndiyo mazee," kaka yake akamjibu, akajifinyangia tonge la wali, kubwa, halafu la pili, halafu la tatu, wala sikumwambia apunguze.