Nilivyoziua nyasi za bahari kwa maji matamu, hapa hapa Dodoma

Salaam wakuu. Mnivumilie kwa spelling. Nimeishia darasa la saba na naandika kwa kidole kimoja hapa internet cafe. Mwandiko wa mkono ndiyo msingesoma kabisa. Ila haya yalinitokea mwenyewe.

Miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na miradi ya wafadhili inafunguliwa kila kona, project moja ya kupanda upya nyasi za bahari ilifanyia semina Dodoma. Bahari hatuna, ila Bunge tunalo.

Akina mama wa pwani waliletwa kwa basi, siku nzima, waje kufundishwa bahari yao.

Mimi nilikuwa kibarua wa bustani pale ukumbini, Ipagala. Bosi aliniahidi ajira semina ikiisha bila kosa.

Ijumaa mtaalamu wa project akaniachia beseni la nyasi zile. "Kijana, zitunze mpaka Jumatatu."

Nikaona aibu kuuliza zinatunzwaje.

Alipoondoka nikaonja maji. Chumvi tupu! Wakuu, visima vya chumvi huku tunavijua, ukimwagilia mchicha unaungua. Nikazihurumia. Nikamwaga yote, nikapanga foleni nusu siku kupata maji matamu.

Jumatatu mtaalamu akasimama mbele ya watu. "Tazameni nyasi zenye afya." Akaingiza mkono. Zikatoka zinavutika kama mlenda.

Bi Zuhura, mmoja wa wale mama wa pwani, akacheka mpaka akashika meza. "Baba, hizi umezipanda au umezipika?"

"Nani kagusa maji?" mtaalamu akafoka.

Nilikuwa sijawahi kuongea mbele za watu. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Ni mimi. Yalikuwa ya chumvi, nikayabadilisha."

Ukumbi mzima kicheko. Bosi akanionyesha mlango.

"Mrudisheni mwanangu huyo," Bi Zuhura akasema, hacheki tena. "Zenu mlizopanda kwetu mdomoni mwa mto zilioza hivi hivi mto uliposhusha maji ya mvua. Tuliwaambia, mkatupa fomu tusaini. Huyu kaua beseni moja, na kakiri."

Wafadhili waliokaa mbele wakaanza kuandika.

Ripoti ilipotoka, beseni langu liliitwa "jaribio la maji matamu", na mimi "msaidizi wa utafiti". Ajira nikapata. Bahari sijaiona mpaka leo.

Nilichojifunza: ningeuliza, ningeona aibu mbele ya mtu mmoja tu.

Wa pwani mliomo humu, niandikieni. Siku hizi wanazipanda wapi? Na akina Bi Zuhura wanasikilizwa? Najibu polepole, ila nitasoma zote.