Ushanga wa Bilauri

Fundi wa vito vya kioo haongei akiwa mbele ya moto. Ulimi huutoa pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na ufito wa chuma huuzungusha bila kupumzika, maana kioo kilichoyeyuka ukikiacha tu kinachuruzika kama asali. Mzee alikuwa akimtazama kutoka kwenye kigoda. Bilauri ya marehemu mkewe ilikuwa imevunjika, na vile vipande vilivyofaa vyote viliingia kwenye ushanga huu mmoja. Ukipasuka, hakuna mwingine. Fundi akaufukia kwenye majivu ya moto. “Upoe polepole, babu.” “Tukichungulia kidogo tu?” “Thubutu! Bibi naye ulikuwa ukimfunulia sufuria?” “Alinifukuza kwa mwiko.” “Basi na mimi ninao hapa.”

Majivu yalipopoa kabisa, fundi aliufukua ushanga, akaupuliza, kisha akafumba macho na kuugonga kwenye jino lake la mbele, kama afanyavyo kwa kila ushanga. Wenye ufa hulia butu. Huu ulitoa mlio mwembamba, safi. Akaugonga tena, na tena, kisha akaketi sakafuni, pu. “Mzima, babu! Mzima! Tangu asubuhi nilikuwa naogopa utapasuka.” “Na ule ukali wote?” “Ungeniona naogopa, wewe ungemtegemea nani?” Mzee akashusha pumzi ndefu, akavua kofia, akainamisha kichwa ili fundi autie uzi na kumvisha shingoni.